Kazi Inapochukuliwa na Mashine: Hesabu ya Muda na Kipato cha Msingi kwa Wote

Kabla mashine haijafika mlangoni, huwa imeshapita kwenye karatasi ya hesabu. Anayetaka kujua kama kazi yake iko hatarini asianze na habari za roboti. Aanze na hesabu hiyo, maana ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kampuni hujiuliza swali moja: fedha nitakayoitoa leo itanirudia baada ya miezi mingapi? Jibu likiwa ndani ya miaka miwili au mitatu, mashine hununuliwa. Likizidi hapo, watu hubaki, angalau mpaka bei ishuke. Hesabu ya muda kama hiyo ndiyo tutakayoitumia baadaye kupima kipato cha msingi kwa wote, yaani fedha inayolipwa kwa kila mtu bila masharti.

Tuchukue mashine yenye bei sawa na mishahara 36 ya mwezi ya mfanyakazi mmoja. Matengenezo, vipuri na leseni ya programu, tuseme, vinakula asilimia 10 ya bei kila mwaka, yaani mishahara 3.6, au 0.3 kwa mwezi. Ikiwa mashine hiyo inashika nafasi ya watu wawili wa zamu moja, kila mwezi inaokoa mishahara 2 ukitoa 0.3, inabaki 1.7. Gawa 36 kwa 1.7, unapata miezi 21. Sasa ipeleke mashine hiyo hiyo mahali penye zamu tatu. Inashika nafasi ya watu sita, inaokoa mishahara 5.7 kwa mwezi, na fedha yote inarudi kwa miezi 6 na siku chache.

Ndiyo maana kazi zinazokesha, kama kufungasha, kupanga mizigo ghalani au kujibu simu za wateja, hutangulia kuondoka, na fundi bomba anayeingia nyumba moja baada ya nyingine, kila moja na mpangilio wake, anabaki. Wengi hufikiri mashine huanza na kazi nyepesi na kuacha ngumu. Sivyo. Kinachotazamwa ni mara ngapi jambo lile lile linajirudia kwa namna ile ile, na kwa saa ngapi kwa siku. Kazi inaweza kuwa imesomewa miaka minne chuoni na bado ikawa ya kujirudia.

Jambo la pili ni kwamba mashine haichukui kazi nzima, inachukua majukumu. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa kwenye hatari kubwa. Mwaka 2016 Melanie Arntz, Terry Gregory na Ulrich Zierahn, wakiifanyia kazi OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, walipata wastani wa asilimia 9 tu katika nchi 21. Hao wa kwanza walipima kazi kwa jina lake. Hawa wa pili walitazama mtu mmoja mmoja anafanya nini ndani ya kazi hiyo, wakakuta makarani wawili wenye cheo kimoja wanaweza kuwa na siku tofauti kabisa: mmoja anajaza fomu kutwa nzima, mwingine nusu ya siku anasuluhisha ugomvi wa wateja.

Kwa hiyo zoezi la kwanza tunalompa mtu yeyote ni kuandika majukumu yake kwa wiki mbili, kwa vipande vya dakika 15. Karatasi na kalamu vinatosha. Baadaye yagawe mafungu matatu: yanayofuata kanuni ileile kila mara; yanayohitaji kuamua wakati taarifa hazijakamilika; na yanayohitaji mwili kuwepo mahali pasipotabirika, au mtu kukaa uso kwa uso na mwenzake. Fungu la kwanza likizidi nusu ya saa zako, nafasi yako ni ya kuunganishwa na nyingine hivi karibuni. Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili mnemba zinazoandika na kujibu maswali zilipoanza kutumiwa na kila mtu, mambo mengi yamehama kutoka fungu la pili kwenda la kwanza: rasimu za barua, mihtasari ya vikao, tafsiri za kawaida, majibu ya maswali yaleyale ya wateja. Aliyefanya zoezi hili miaka mitano iliyopita alifanye upya.

Dalili za mabadiliko huja kimyakimya. Mara chache watu huondolewa wote siku moja. Kwanza anayestaafu au kuhama hajaziwi nafasi. Kisha mikataba ya muda haiongezwi, na saa za ziada zinafutwa. Halafu anakuja mtu wa kuandika kila hatua ya kazi, na mnaombwa mumsaidie kutengeneza mwongozo. Hatua ya kuangaliwa zaidi ni pale mnapoulizwa ni mambo gani huwa yanaharibika na mnayatatuaje, kwa sababu hapo ndipo mfumo unapofundishwa vighairi, yaani mambo yasiyofuata kanuni ya kawaida. Kuanzia swali hilo mpaka barua za kupunguzwa, mara nyingi huwa ni miezi tu. Miezi hiyo ina thamani kuliko yote itakayofuata, kwa sababu mtu bado ana mshahara na bado anahitajika.

Katika kipindi hicho wafanyakazi wana silaha moja ambayo hawaitumii vya kutosha: wanavijua vighairi kuliko wauzaji wa mashine. Hesabu ya muuzaji huwa hivi. Idara inapokea ankara 1,000 kwa siku, kila moja dakika 4. Hizo ni dakika 4,000, karibu saa 67, yaani watu 9 ukikadiria saa 7 na nusu za kazi halisi kwa kila mmoja. Programu inamaliza ankara 900 bila kuguswa na mtu. Zimebaki asilimia 10, basi abaki mtu mmoja.

Kosa liko kwenye hizo 100 zilizobaki. Ni zile zenye mwandiko usiosomeka, bei isiyolingana na oda, msambazaji aliyebadili jina, kodi iliyokokotolewa mara mbili. Hazichukui dakika 4, zinachukua 15, na hapo zinahitaji saa 25. Ongeza ukaguzi wa asilimia 5 ya zile 900, yaani ankara 45 kwa dakika 2 kila moja, saa nyingine moja na nusu. Jumla ni saa 26 na nusu, kazi ya watu wanne. Idara ikibakiza mmoja, baada ya mwezi kuna rundo, wasambazaji wanazuia bidhaa, na uongozi unaanza kuwatafuta kwa vibarua wa siku watu walewale uliowaachisha. Hesabu hii ikipelekwa mezani mapema, kwa takwimu za idara yenyewe, inaokoa nafasi tatu. Ikipelekwa baada ya barua kutoka, haiokoi kitu.

Tuseme pia kuhusu fidia. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiteknolojia au kiuchumi awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa kwa wakati na ashauriane nao namna ya kuepuka au kupunguza madhara. Si nchi zote zimeuridhia, lakini sheria nyingi za kazi zina vifungu vinavyofanana nao. Hoja mezani isiwe huruma, iwe hesabu ileile ya kurudisha fedha. Katika mfano wa zamu tatu, kumpa kila mmoja wa watu sita mishahara sita ni mishahara 36. Gharama yote inakuwa 72, na ukigawa kwa 5.7 unapata miezi 12 na nusu hivi. Mradi bado unalipa vizuri chini ya miaka miwili. Mwajiri anayesema fidia ya miezi sita itaua mradi aombwe karatasi yake.

Barua ya kuondoka isitiwe saini siku inapotolewa. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, isomwe na mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Hakikisha imeandika sababu halisi, kwamba nafasi imeondolewa, isionekane umejiuzulu, kwa sababu maneno hayo mawili hutofautisha anayelipwa kiinua mgongo na asiyelipwa. Kusanya hati za mshahara za mwaka mzima, cheti cha utumishi, taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii na tarehe bima ya afya itakapokoma. Barua pepe ya kazini ikishafungwa, kupata vitu hivyo ni safari ndefu.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan walifuatilia wafanyakazi wa muda mrefu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, walioondolewa kazini kwa makundi, wakakuta kwamba hata miaka kadhaa baadaye walikuwa wanapata karibu robo pungufu ya kile ambacho wangepata. Wengi walikuwa wameshapata kazi nyingine. Daniel Sullivan na Till von Wachter, katika utafiti wa mwaka 2009, walionyesha kwamba vifo miongoni mwa watu wa namna hiyo mwaka unaofuata kuondolewa huwa juu kwa asilimia 50 hadi 100. Mtu huyu ana ujuzi, ana nidhamu, ana miaka 15 ya uzoefu. Kinachomwangusha ni haraka. Kodi ya nyumba inadai, marejesho ya mkopo yanadai, naye anashika kazi ya kwanza iliyopita mbele yake, hata kama inatumia sehemu ndogo tu ya anachokijua. Akishaingia huko, kutoka ni vigumu.

Muda peke yake bila fedha hausaidii pia. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu watu wote kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kutazama watu wenye siku nzima mikononi mwao wanaifanyia nini. Walikuta wanaazima vitabu vichache kuliko walipokuwa kazini, wanashiriki mambo ya kijiji kidogo zaidi, na hata kutembea wanatembea polepole. Posho ya wasio na kazi ilikuwa ndogo na ya muda, kisha ikakatika. Mtu asiyejua mwezi ujao atakula nini hapangi mwaka ujao.

Hesabu ya muda wa kuishi baada ya kazi ni ya mstari mmoja: fedha uliyonayo, gawa kwa matumizi ya lazima ya mwezi. Matumizi ya lazima ni nyumba, chakula, dawa, shule, nauli ya kutafuta kazi na marejesho yenye dhamana. Kama kiinua mgongo ni mishahara 6 na matumizi ya lazima ni asilimia 60 ya mshahara wa zamani, una miezi 10. Ukitoa mishahara 4 mwezi wa kwanza kuanzisha biashara ambayo hujawahi kuifanya, umebaki na miezi 3 na siku kumi. Tumeona kosa hili kuliko jingine lolote, na haliletwi na upumbavu. Fedha nyingi kwa mkupuo huleta ndugu, wauzaji wa fursa na hofu ya kwamba itaisha bila kufanya kitu. Dawa yake ni kuigeuza iwe mshahara tena: iweke mahali inapotoka kwa kiasi kilekile tarehe ileile kila mwezi, na biashara ijaribiwe kwa sehemu moja ya kumi kwanza.

Wadai wafuatwe kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Aliyekuja mapema huongezewa muda wa mkopo, na aliyekwishachelewa hutozwa faini. Mafunzo nayo yachaguliwe karibu na kile unachokijua: karani wa ankara yuko hatua moja kutoka ukaguzi wa hitilafu za mfumo au ufuatiliaji wa wasambazaji, na yuko hatua sita kutoka uandishi wa programu. Kabla ya kulipa ada, omba uzungumze na wahitimu wawili wa mwaka uliopita na uulize nani amewaajiri. Chuo kisichoweza kukupa hao wawili hakistahili kiinua mgongo chako.

Kwa mtazamo huu ndipo tunapokipima kipato cha msingi kwa wote. Maana yake imeshatulia kwa muda mrefu: ni fedha taslimu, inayolipwa kwa vipindi, kwa kila mtu peke yake, bila kuangalia anacho au hana, bila sharti la kufanya kazi au kuitafuta. Wazo lenyewe lina umri. Mwandishi wa siasa Thomas Paine alipendekeza mwaka 1797 kila mtu alipwe pauni 15 akifikisha miaka 21, na pauni 10 kila mwaka kuanzia miaka 50, kutokana na kodi ya urithi. Swali letu ni dogo zaidi: je, fedha hii inampa mtu muda wa kuchagua? Majaribio yaliyofanyika yanatoa jibu, na jibu linategemea zaidi ahadi ya muda kuliko ukubwa wa kiasi.

Ushahidi bora unatoka vijijini Kenya, ambako shirika la GiveDirectly pamoja na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee, Paul Niehaus na Tavneet Suri, walianza mwaka 2018 jaribio linalogusa vijiji 295. Vijiji 44 viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, vingine 80 malipo yaleyale kwa miaka 2 tu, vingine 71 vikapewa fedha kwa mkupuo, na 100 vikabaki vya kulinganisha. Malipo ya mwezi yalikuwa sawa na senti 75 za dola kwa siku kwa kila mtu mzima, yakipitia kwenye simu. Mwishoni mwa miaka miwili ya kwanza, waliokuwa na ahadi ya miaka 12 walikuwa wamepokea kiasi kilekile kama wale wa miaka miwili. Hata hivyo walioanzisha shughuli mpya kwa wingi ni wale wa ahadi ndefu na wale wa mkupuo. Wa miaka miwili walijibana, wakijua mlango unafungwa. Na wa miaka 12 wengi waliingia kwenye upatu, wakapokezana, ili vijisenti vya kila mwezi vigeuke kuwa mtaji. Hakuna aliyewafundisha. Kwa jumla saa za kazi hazikupungua. Watu walihama kutoka vibarua kwenda shughuli zao wenyewe.

Ahadi inapovunjwa, hasara huwa mara mbili. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilianza jaribio la miaka mitatu mwaka 2017 na watu wapatao 4,000. Serikali ilibadilika, na mwaka 2018 jaribio likatangazwa kufutwa. Kulikuwa na watu waliokuwa wameanza masomo na kusaini mikataba ya nyumba wakitegemea mwaka wa tatu. Mongolia ilianza kumlipa kila raia tugrik 21,000 kwa mwezi kutokana na mapato ya madini, na kufikia 2012 mpango ulikuwa umekwisha, kwa sababu ulikuwa umekula mapato ambayo hayajaingia. Iran, kuanzia Desemba 2010, ilipandisha bei za mafuta na mkate na badala yake ikampa kila mtu rial 455,000 kwa mwezi. Mwanzoni ilikuwa fedha ya maana, zaidi ya robo ya mapato ya kaya ya katikati. Lakini kiasi hakikufungwa na mfumuko wa bei. Kilibaki vilevile mwaka hadi mwaka huku bei zikipaa, mpaka kikawa hakina uzito.

Jimbo la Alaska, Marekani, linawalipa wakazi wake gawio la mfuko wa mafuta tangu 1982, na halijaruka mwaka, lakini kiasi kinapanda na kushuka: dola 331 mwaka 1984, dola 3,284 mwaka 2022. Gawio la namna hiyo ni zuri. Ila mtu hawezi kulipangia kodi ya nyumba.

Hofu ya uvivu ijibiwe kwa namba, kwa sababu wanaoiuliza wana haki ya kuuliza. Finland iliwalipa watu 2,000 waliokuwa hawana kazi euro 560 kwa mwezi, mwaka 2017 na 2018, bila kuwakata wakipata kazi. Katika mwaka uliopimwa walifanya kazi wastani wa siku 78, na wenzao wasiopokea siku 73. Huko Alaska, watafiti Damon Jones na Ioana Marinescu hawakuona ajira ikishuka kwa jumla, ila kazi za saa chache ziliongezeka. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa matokeo mwaka 2024, ambapo watu 1,000 wa Texas na Illinois walipokea dola 1,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu, lilionyesha upungufu wa saa 1.3 za kazi kwa wiki. Upungufu upo, tusiufiche. Saa moja na kidogo kwa wiki si taifa kulala kitandani, na sehemu ya saa hizo ndiyo ule muda wa kuchagua tunaouzungumzia.

Gharama ndiyo sehemu ngumu, na hapa watetezi wengi huteleza. Kanuni ni hii: ukimlipa kila mtu kiasi kilicho sawa na asilimia 25 ya wastani wa mapato ya mtu nchini, gharama ghafi ni asilimia 25 ya pato la taifa. Nchi nyingi maskini hukusanya kodi isiyofika asilimia 20, na hiyo ndiyo inayolipa walimu na wauguzi. Gharama halisi ni ndogo kuliko ghafi kwa sababu wenye nacho hurudisha. Chukua wastani wa mapato kuwa 100, kodi ya asilimia 25 kwa wote, na malipo ya 25 kwa kila mmoja. Mwenye 40 anatoa 10 na kupokea 25, anaongezeka 15. Mwenye 100 anatoa 25 na kupokea 25, hana faida wala hasara. Mwenye 300 anatoa 75, anapokea 25, anapungua 50. Kinachohama kweli ni hizo tofauti. Lakini kodi hiyo lazima ikusanywe kwanza, na ni nyongeza juu ya ile iliyopo. Nchi ambayo kipato kikubwa hakionekani kwenye vitabu haiwezi kuanza na asilimia 25. Inaweza kuanza na asilimia 3 au 5, iliyofungwa na mfumuko wa bei kwa sheria, na itakuwa imefanya jambo la maana kuliko kuahidi kikubwa na kukatiza.

Kuhusu bei kupanda, utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, ulikuta bei zimepanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola ilizungusha dola 2 na nusu hivi katika uchumi wa eneo. Sababu ni kwamba maduka na mafundi walikuwa na nafasi ya kuhudumia wateja zaidi bila kuongeza gharama. Mahali ambapo kitu hakiongezeki upesi, hasa nyumba za kupanga mijini, tusitarajie upole huo.

Mwisho kuna bomba la kupitishia fedha, na mipango mingi hufia hapo. Jina la laini ya simu halilingani na la kitambulisho, malipo yanarudi. Mke hana simu yake, fedha inaingia ya mume. Wakala hana floti siku ya malipo, watu wanasafiri mara tatu. Mkopo wa simu unakata salio kabla mwenye fedha hajaliona. Suluhisho zipo na si ghali: akaunti ya malipo ilindwe kisheria isikatwe deni lolote, tarehe za malipo zigawanywe kwa tarakimu ya mwisho ya kitambulisho, mawakala wapewe taarifa ya kiasi kitakachoshuka eneo lao siku mbili kabla, na kila malipo yaliyorudi yawe na mtu mmoja wa kuyafuatilia hadi yafike. Togo mwaka 2020 ilionyesha kasi inayowezekana: mpango wa msaada wa fedha ulioitwa Novissi uliandikisha watu kwa simu za kawaida kabisa, kwa kupiga namba fupi, na fedha ikaingia papo hapo. Lakini ulitegemea daftari la wapiga kura, na asiyekuwa na kadi ya kupigia kura alibaki nje.

Kuchuja wanaostahili nako kunafanywa na mashine siku hizi. Afrika Kusini, kwenye ruzuku ya randi 350 iliyoanza mwaka 2020, mfumo ulitazama akaunti ya benki ya mwombaji, na kilichoingia kikizidi randi 624 kwa mwezi, anakataliwa. Ndugu akikutumia fedha ya mazishi, kwa mfumo huo una kipato. Hii ndiyo sababu tunasisitiza neno “wote.” Kila kichujio kinahitaji data, na mwenye data mbovu kwa kawaida ndiye mwenye shida zaidi. Karani wa ankara ana barua, ana hati za mshahara, ana chama cha kumsemea. Kibarua aliyekuwa akipakia magunia kwenye ghala lilelile, akilipwa jioni mkononi, siku mkanda wa mashine wa kupakia ulipowekwa aliambiwa tu asije kesho. Hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba kuna kazi aliyoipoteza. Mpango wowote utakaomwomba karatasi hiyo umeshamwacha.